Kuhesabiwa na Kufikiwa



Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 Taifa letu lilihesabu watu wake kwa mara ya sita tangu Muungano. Sensa zilizotangulia zilifanyika mwaka 1967, 1978, 1988, 2002 na 2012. Hesabu hiyo ya mwisho ilituonyesha kwamba Watanzania tulikuwa 61,741,120, na kwamba Mkoa wetu wa Singida ulikuwa na watu 2,008,058. Katika idadi hiyo yumo mzee wa Gumanga, yumo mtoto mchanga wa Mpambala, yumo mchungaji wa ng'ombe ambaye jina lake halijapata kuandikwa katika daftari lolote la ofisi. Kila mmoja alihesabiwa mmoja, asipungue wala asizidi. Hilo ni jambo jema, kwa maana kumhesabu mtu ni kukiri kwamba yupo.

Hata hivyo, kukiri kwamba mtu yupo hakutoshi. Baba anayejua idadi ya watoto wake, lakini hajui ni yupi aliyelala njaa, bado hajatimiza wajibu wake. Katika makala haya tunapenda kutafakari pamoja nanyi wakazi wa Nduguti na wa Wilaya nzima ya Mkalama, na pamoja na wote wenye mapenzi mema, juu ya swali moja: je, nchi inayojua idadi yetu inajua pia njia ya kutufikia? Tunaliuliza kama swali la haki. Wahandisi wana sehemu yao katika kulijibu, lakini si lao peke yao.

Wengi mno, au wachache mno?

Wilaya ya Mkalama ilizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Iramba, na makao yake makuu yakawekwa hapa Nduguti. Sensa ya mwaka huohuo iliikuta na watu 188,733. Kabla ya hapo, mwananchi wa Ibaga au Mwangeza aliyekuwa na shauri la kiwilaya alilazimika kusafiri hadi Kiomboi, juu ya uwanda wa Iramba. Kuundwa kwa wilaya mpya kulikusudiwa kuisogeza serikali karibu na watu, na kwa sehemu lengo hilo limetimia.

Tuutazame na Mkoa kwa ujumla. Mwaka 2002 Singida ilikuwa na watu 1,090,758. Mwaka 2012 walikuwa 1,370,637. Na mwaka 2022 wakapita milioni mbili. Kwa hiyo katika miaka kumi ya mwisho waliongezeka watu 637,421, yaani takriban 46 kwa kila mia, ilhali Taifa zima liliongezeka takriban 37 kwa kila mia. Mkoa ambao watu wa mbali wamezoea kuuita mkoa wa ukame na wa kupita njia umekua kwa haraka kuliko nchi yenyewe.

Hapa ndipo tunapokutana na hoja mbili ambazo zimezoeleka masikioni mwetu. Ya kwanza husema: watu wanazaana mno, huduma haziwezi kuwatosha, basi wasilalamike. Ya pili husema: watu wa huko ni wachache na wametawanyika mno, barabara ya kuwafikia ni hasara, basi wasubiri. Jambo la kushangaza ni kwamba hoja zote mbili huelekezwa kwa watu walewale. Mwanakijiji yuleyule huambiwa kwamba wao ni wengi mno anapoomba dawati na dawa, kisha huambiwa kwamba wao ni wachache mno anapoomba daraja. Haiwezekani zote mbili zikawa sababu ya kweli ya kumnyima. Tunaona kwamba idadi ya watu, ambayo ilipaswa kuwa msingi wa kupanga, inageuzwa kuwa udhuru wa kutopanga.

Hatusemi kwamba ongezeko la watu halina uzito. Familia huwajibika kulea watoto inaowaleta duniani, na mafundisho ya Kanisa juu ya uzazi wenye kuwajibika yanajulikana. Lakini mtoto aliyekwisha kuzaliwa Nduguti hapaswi kuadhibiwa kwa kunyimwa njia ya kwenda zahanati. Yeye amekwisha kuhesabiwa. Deni limekwisha kuandikwa.

Hesabu ya Agosti na safari ya Februari

Sensa zote sita za nchi yetu zilifanyika mwezi Agosti. Iko sababu nzuri ya kufanya hivyo: Agosti ni kiangazi, makarani wanaweza kupita, na kazi za shamba zimepungua. Uchaguzi mkuu nao kwa kawaida huwa Oktoba, kabla ya mvua zetu kuanza. Viongozi wengi hututembelea katika miezi hiyo hiyo. Kwa hiyo nchi inatufahamu sura yetu ya kiangazi: makorongo yakiwa mchanga mkavu, gari likipita na kuacha vumbi nyuma yake, na mgeni akiondoka na kusema kwamba barabara si mbaya sana.

Lakini sisi tunaishi hapa miezi kumi na miwili. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Katika miezi hiyo korongo lililokuwa mchanga hujaa maji kwa saa chache, na udongo mweusi wa mbugani hushika gurudumu kama gundi. Umbali kutoka Nduguti hadi Iguguno, iliyo kando ya barabara kuu ya lami itokayo Singida kuelekea Nzega, haubadiliki kwenye ramani kati ya Agosti na Februari. Kwa mwenye mgonjwa mgongoni umebadilika sana.

Dunia imekwisha kulitambua jambo hili. Miongoni mwa vipimo vya Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, kimo kipimo kinachouliza: ni watu wangapi wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita mbili kutoka barabara inayopitika majira yote? Kilomita mbili ni mwendo wa miguu wa kiasi cha dakika ishirini na tano. Tazameni maneno hayo, majira yote. Kipimo hicho hakimuulizi mtu kama aliona gari likipita wakati wa kiangazi. Kinamuuliza kama njia yake ipo pia siku ya mvua.

Tunajua pia kwamba kabla ya usiku wa sensa ya 2022 kulikuwa na Dodoso la Jamii, ambalo liliwauliza viongozi wa vitongoji na mitaa habari za huduma zilizopo katika maeneo yao. Maana yake ni kwamba majibu yalikusanywa kutoka kwetu. Ni haki yetu kuyaona majibu hayo yakirudi kijijini, yakabandikwa katika ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, ili kila mtu asome jinsi kijiji chake kilivyoandikwa na aseme kama ndivyo kilivyo.

Reli iliyong'olewa

Vijana wengi wa Mkalama hawajui kwamba gari moshi lilipata kufika katika eneo letu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilijenga tawi la reli kutoka Manyoni, likapita Singida na kuishia Kinyangiri, ambayo leo imo katika wilaya hii. Katika miaka ya 1940 reli hiyo iling'olewa. Vyuma vyake vikapelekwa kusini ili kujenga reli ya kuhudumia mradi mkubwa wa karanga, ambao makao yake kule yalikuwa Nachingwea. Mradi huo wa karanga ukashindwa, ukafungwa mwaka 1951. Reli ya kusini nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960. Baadaye, kati ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi huru ilijenga tena reli kutoka Manyoni hadi Singida. Haikurudi Kinyangiri.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu ina somo. Reli ile iling'olewa bila watu wa Kinyangiri kuulizwa. Hesabu iliyofanywa ilikuwa ya mizigo inayopakiwa na faida inayoingia katika hazina. Kwa hesabu hiyo karanga ambazo zilikuwa bado hazijaota huko kusini zilionekana kuwa na thamani kuliko watu waliokuwa wakiishi hapa. Mkoloni aliyefanya hesabu hiyo amekwisha kuondoka. Je, namna yake ya kuhesabu nayo imeondoka?

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya wananchi nchini walihamishiwa katika vijiji. Mara nyingi vijiji hivyo viliwekwa kando ya barabara. Waliambiwa kwamba wakikaa pamoja watapata shule, maji, zahanati na usafiri. Wapo waliokwenda kwa hiari, na wapo waliokwenda kwa kulazimishwa, wakiacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Leo si nia yetu kuhukumu siasa ile. Tunasema tu kwamba ahadi ilikuwa na pande mbili: wananchi wausogelee mkusanyiko, na serikali iwasogezee huduma. Wananchi walitimiza upande wao. Barabara ambayo watu walihamishiwa kandokando yake haiwezi baadaye kuambiwa kuwa ni anasa.

Nani hubeba mzigo?

Njia inapokosekana, mizigo haikosi. Hupata tu mgongo mwingine wa kuibeba. Katika miaka ya 1980 ulifanyika utafiti mashuhuri wa usafiri vijijini huko Makete, ambayo wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Iringa. Watafiti waliona kwamba sehemu kubwa ya safari za familia haikuwa ya kwenda mjini. Ilikuwa ya kwenda mtoni, kwenye kuni, shambani na mashineni, kwa miguu, na mzigo ukiwa kichwani. Sehemu kubwa ya mzigo huo ilibebwa na wanawake. Yeyote anayeishi Nduguti anajua kwamba ukweli wa Makete ni ukweli wa huku pia. Lakini njia iliyozoeleka ya kupima umuhimu wa barabara ni kuhesabu magari yanayopita kwa siku. Mama mwenye ndoo hayumo katika hesabu hiyo. Wala punda hayumo, wala baiskeli yenye gunia.

Matokeo yake ni mzunguko usio na mlango wa kutokea. Barabara mbovu haipitishi magari. Kwa kuwa haipitishi magari, huonekana haina umuhimu. Kwa kuwa haina umuhimu, haitengenezwi. Na kwa kuwa haitengenezwi, haipitishi magari. Kijiji kilichokosa huadhibiwa kwa kukosa kwake.

Mtazameni mama mjamzito. Wataalamu wa afya husema mama hupotea kwa sababu ya ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nchi yetu imepiga hatua ambayo hatuna budi kuipongeza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Aidha, tangu mwaka 2022 mpango wa m-mama umekuwa ukienezwa nchini, ambao kwa kupiga namba 115 bila malipo mama hutafutiwa gari la wagonjwa, au dereva wa jamii pale ambapo gari hilo halipo. Huu ni mfano wa serikali na washirika wake kumtafuta mtu alipo. Lakini dereva aliyeitwa hawezi kulivusha gari mahali ambapo hapana kivuko. Hospitali ya Iambi ipo, na ya Haydom ipo upande wa Mbulu. Wahudumu wake wapo usiku na mchana. Ucheleweshaji wa pili unabaki mikononi mwa barabara.

Mtazameni na mkulima. Wilaya yetu hulima alizeti, mtama, uwele na vitunguu. Kitunguu hakimsubiri mwenye nacho. Mzigo ukikwama shambani, mnunuzi mwenye lori moja lililofanikiwa kupita ndiye anayepanga bei, na ndiye anayepanga ujazo wa gunia. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, lakini sheria hulindwa na ushindani pia: mkulima mwenye wanunuzi watatu humkatalia mmoja, naye mkulima mwenye mnunuzi mmoja hana wa kumkatalia. Hivyo ubovu wa barabara ni kodi ambayo haikupitishwa na Bunge, na hulipwa zaidi na aliye maskini zaidi.

Nasi tusimsahau punda, ambaye kwa karne nyingi amekuwa lori la watu wa kanda hii. Katika miaka ya karibuni wanyama hawa walichinjwa kwa wingi barani Afrika kwa ajili ya ngozi zao, zinazotumika kutengeneza dawa ya asili huko China. Machinjio yalifunguliwa hata katika mikoa jirani ya Dodoma na Shinyanga. Mwezi Desemba 2021 serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji huo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaafikiana kuusimamisha barani kwa miaka 15. Hatua hizo zilistahili. Kumwibia mjane punda wake ni sawa na kumng'olea reli.

Kuhusu vijana wa bodaboda, tunasema neno la haki. Wanalaumiwa kwa mwendo wa kasi na kwa ajali, na lawama nyingine ni za kweli. Lakini mahali ambapo basi haliji, wao ndio wanaofika. Wamebeba wagonjwa, walimu, barua na mbegu. Nauli hupanda njia inapoharibika, kwa sababu petroli na vipuri navyo huliwa na njia hiyo. Badala ya kuwalaumu tu, tuwape mafunzo, leseni na njia iliyo salama.

Jirani wa mbali: mfano wa India

Nchi ya India ina vijiji zaidi ya laki sita, na vingi vyake vilikuwa na shida iliyo kama yetu. Tarehe 25 Desemba 2000 serikali ya huko ilianzisha mpango wa kitaifa wa barabara za vijijini. Kanuni yake ilikuwa rahisi kuelezwa: kila makazi yenye watu 500 au zaidi, yasiyo na barabara, yapate barabara inayopitika majira yote. Katika maeneo ya milima, ya majangwa na ya jamii za asili, kiwango kilishushwa hadi watu 250. Idadi ya watu ilichukuliwa kutoka sensa, na barabara ilifuata idadi. Tangu wakati huo zimejengwa zaidi ya kilomita laki saba.

Linalotuvutia katika mfano huu ni kanuni, kwa kuwa fedha za India si zetu. Mwanakijiji wa kule aliweza kusimama na kusema: tuko watu 600, sheria ya mpango inasema 500, barabara yetu iko wapi? Hakuhitaji kufahamiana na mkubwa. Hakuhitaji kusubiri msimu wa kampeni. Sensa yenyewe ilikuwa shahidi wake.

Pamoja na hayo, tusidanganyane. Wachumi Sam Asher na Paul Novosad, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walichunguza vijiji vya India vilivyopata barabara hizo. Waliona kwamba barabara ziliwasaidia watu kupata kazi nje ya kilimo, lakini kipato na mavuno ya vijijini havikubadilika sana. Barabara haigeuzi umaskini kuwa utajiri kwa nguvu zake yenyewe. Inahitaji soko, mikopo ya haki, shule na maghala. Tunaitaka barabara kwa sababu ni mlango, na mlango ukifunguliwa bado watu wanapaswa kutembea.

Wachache wasisahauliwe

Kanuni yoyote ya idadi ina hatari yake. Ikiwa wengi ndio pekee wanaopata, wachache watapotea. Katika wilaya yetu wapo ndugu zetu Wahadzabe wa Munguli, ambao tangu kale wameishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wao ni wachache. Kwa kanuni ya magari wangekuwa wa mwisho. Kwa kanuni ya idadi vilevile.

Lakini hata kwao tusiende na greda kabla ya kuwauliza. Barabara hupitisha huduma, na hupitisha pia wenye kutamani ardhi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa upande wa Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya kimila ya kuilinda ardhi yao. Mpangilio huo ni wa busara: kwanza ardhi ilindwe, kisha njia ifunguliwe. Haki ya kufikiwa ni pamoja na haki ya kusema ni kwa njia gani tufikiwe.

Papa Paulo VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni yale yanayomhusu mtu mzima na watu wote. Mwaka huohuo aliunda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, ambayo tume zetu za majimbo na za parokia zilizaliwa kwa mfano wake. Nasi tunapoisoma habari ya Msamaria Mwema tunamsifu kwa huruma yake, na ni haki. Tukumbuke pia kwamba alikuwa na mnyama wa kumpandisha majeruhi, na kwamba nyumba ya wageni ilifikika. Huruma nayo inahitaji njia.

Tunapendekeza nini?

Kwanza, kila kijiji cha Mkalama kipimwe kwa namna ya Februari. Ofisi ya kijiji iandike daftari: siku zipi njia ilikatika, mahali gani, na kwa muda gani. Kazi hii haihitaji mtaalamu wala fedha. Inahitaji kalamu na uaminifu. Baada ya msimu mmoja kijiji kitakuwa na ushahidi ambao hakuna mgeni wa kiangazi anayeweza kuupinga.

Pili, mahali palipokatika patangulie. Kwa miaka mingi watu wa Mkalama na wa Meatu walitenganishwa na Mto Sibiti, hadi daraja lenye urefu wa mita 82 lilipojengwa katika muongo wa 2010. Daraja hilo halikuhitaji kusubiri lami ya njia nzima ili lianze kuwafaa watu. Vivyo hivyo, makalvati machache, mitaro ya kupitishia maji na vivuko vya waenda kwa miguu vinaweza kuifungua njia ndefu kwa gharama ndogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, fedha zijulikane. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoundwa mwaka 2017 na yenye kuhudumia zaidi ya kilomita 140,000 nchini, nyingi zikiwa za udongo. Katika bajeti ya 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Kwa hiyo kila kijana wa bodaboda wa Nduguti anapojaza mafuta anachangia. Mchangiaji ana haki ya kusomewa mapato na matumizi.

Nne, kazi ya matengenezo ipewe vikundi vya wenyeji, wanawake wakiwemo, na ilipwe. Zama za Wajerumani na za Waingereza wazee wetu walilimishwa barabara kwa nguvu. Kujitolea ni jambo jema, lakini kusiwe jina jipya la jambo la kale.

Tano, sisi wenyewe tuhudhurie. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Mara nyingi mkutano huo hukosa watu, kisha tunalalamika kwamba mipango imetoka mahali pengine. Asiyekuwapo na lake halipo. Waamini wa madhehebu yote, Wakatoliki, Walutheri na wengineo, na ndugu zetu Waislamu, waende pamoja, kwa maana korongo halimuulizi mtu dini yake.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika kitongoji chetu, ni siku ngapi za mvua zilizopita njia ilikatika? Ni mahali gani hasa?

2. Mama akishikwa na uchungu usiku wa Februari, ni nani anayepigiwa simu, na gari linaweza kufika wapi?

3. Ni nani kati yetu wasioonekana njia inapohesabiwa: wazee, wasioona, wenye ulemavu, wachungaji, Wahadzabe? Ni nani atakayewauliza wanahitaji nini?

4. Mara ya mwisho mkutano mkuu wa kijiji ulipokutana, je, tulikuwapo? Jumuiya yetu itapeleka hoja gani katika mkutano ujao, na ni nani ataiwasilisha?

Sensa ijayo itakuja na makarani watapita tena nyumba kwa nyumba, tena katika kiangazi. Tutawapokea kwa heshima na kuwajibu kwa ukweli. Lakini tusisubiri hadi siku hiyo. Mvua za mwaka huu zitakuja kabla yao, na daftari la kijiji linaweza kufunguliwa wiki hii.